Neno Uhuru na Asili ya Mashimo Meusi ya Jozi

Mbingu zikitakata, mwenye kusimama upande wa Tengeru huiona Kilimanjaro mashariki, na kilele chake kiitwacho Uhuru, ambako Mwenge uliwashwa Desemba 1961. Jina hilo la mlimani twalijua sote. Wachache wakumbuka kwamba neno hilo hilo lilipelekwa angani, likashika nafasi yake katika historia ya elimu ya nyota.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, roketi ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililokuwa baharini karibu na Malindi. Ilichukua chombo cha Marekani cha kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wa kazi hiyo, alikiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji.

Mwaka 1971 Riccardo Giacconi na wenzake, wakikitumia chombo hicho, waliona kwamba miali ya Cygnus X-1 yabadilika haraka mno. Basi chanzo chake hakina budi kuwa kitu kidogo sana. Punde si punde Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Charles Thomas Bolton huko Kanada, walitambua nyota kubwa izungukanayo na mwenzi asiyeonekana kwa siku 5.6. Mwendo wa nyota ulifichua uzito wa mwenziwe. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vyaonyesha kuwa ni shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara 21 hivi: mabaki ya nyota iliyokwisha kuni zake, kiini chake kikaporomoka.

Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO, Marekani, ilinasa mawimbi ya uvutano ya mashimo meusi mawili yaliyoungana. Moja lilikuwa na uzito wa Jua mara 36 hivi, la pili mara 29. Likabaki moja la mara 62, na kilichosalia kikageuka nguvu za mawimbi. Wataalamu walistaajabu, maana yaliyojulikana kwa eksirei yalikuwa mepesi zaidi. Twaelezwa kwamba nyota nzito hupunguza mwili wake kwa upepo wake yenyewe. Ile iliyozaliwa katika gesi yenye chuma kidogo hupunguza kidogo, ikaacha shimo zito.

Hapa lugha yetu yatakiwa kuwa na hadhari. Kusema “shimo” ni sawa kuliko “tundu”, kwa kuwa tundu laweza kutokea upande wa pili, na kitu kiingiacho humo hakitoki kamwe. Lakini je, tuseme mashimo “pacha”? Pacha ni waliochukuliwa mimba moja. Baadhi ya jozi hizi huenda zatokana na nyota mbili zilizozaliwa pamoja. Nyingine huenda zatokana na mashimo yaliyokutana ukubwani, katika msongamano wa nyota nyingi. Swali hilo halijakatwa. Atumiaye “pacha” amelijibu kabla ya ushahidi.

Kwa hiyo yafaa “jozi” liwe neno la jumla, na “pacha” liwekewe zile zitakazothibitishwa kuwa za uzazi mmoja. Tengeru leo ina Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia. Wanasayansi wetu watakapowaeleza wananchi habari hizi kwa Kiswahili, na wayakute maneno yamekwisha kupimwa.