Misalaba ya mukuba na ulinzi wa Serikali



Yubile ni wakati wa kukumbuka. Tunahesabu miaka, tunataja majina ya wale waliotutangulia, tunaonyesha watoto pahali jiwe la kwanza la kanisa liliwekwa. Lakini mbele ya jiwe lile, inchi hii ya Lualaba ilikuwa na watu, na watu wale walikuwa na kazi yao. Katika kurasa hizi tunataka kukumbuka kazi ile, na kuuliza kama alama zake zitabaki.

Monsenyeri de Hemptinne, Mubenedikto aliyefika Katanga mwaka wa 1910, aliandika juu ya watu wale mwaka wa 1926, akawaita wala-mukuba. Kweli, waliishi kwa mukuba sawasawa na mulimaji anavyoishi kwa shamba lake. Wakati wa kiangazi walichimba malakite, lile jiwe la rangi ya majani mabichi. Wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa, wakapuliza moto kwa mivukuto ya ngozi. Mukuba ulioyeyuka ulimwangwa katika kalibu, ukatoka na umbo la musalaba.

Musalaba ule haukuwa ishara ya Bwana wetu. Ulikuwa mali. Mwaka wa 1957 na wa 1958, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, kule ambako Lualaba inashukia. Waliona misalaba ya mukuba imelazwa pamoja na wafu. Tangu mwaka wa 1974 Pierre de Maret aliendelea na kazi ile, ikaonekana kwamba kadiri miaka ilivyopita, misalaba ilikuwa midogo na ya kipimo kimoja: ilikuwa imegeuka feza. Nayo inchi ya Sanga haina mukuba. Ulitoka huku kusini, katika mikono ya wachimbaji wa kwetu.

Basi, tazameni jambo hili. Makaburi ya waliopokea mukuba yamejulikana ulimwenguni, lakini matanuru ya walioutengeneza yamepotea karibu yote. Sababu yake si ngumu. Wazungu wa kwanza waliotafuta madini, kama Jules Cornet mwaka wa 1892, waliongozwa na mashimo ya wankambo. Union Minière ilipoundwa mwaka wa 1906, ilichimba palepale ambapo wankambo walikuwa wamechimba. Karyeri kubwa ilimeza shimo dogo. Mukuba wenyewe ulioleta heshima kwa pahali pale ndio uliopaharibu.

Hatuwezi kusema kwamba sheria zimekosekana. Amri ya mwaka wa 1939 ililinda majengo na pahali pa kale. Mwaka wa 1946 nyumba ya makumbusho ilifunguliwa Lubumbashi. Mwaka wa 1970 Serikali iliunda Chuo cha Makumbusho ya Taifa, na tarehe 15 ya mwezi wa tatu 1971, mwaka uleule jimbo letu la Kolwezi lilipozaliwa, ikatoa sheria ya kulinda mali ya utamaduni. Mwaka wa 1974 inchi iliingia katika mapatano ya UNESCO. Sheria ya madini ya mwaka wa 2002 inaagiza kwamba mwenye kuchimba akikuta vitu vya kale asiviondoe, bali apashe wakubwa habari kwa maandiko bila kukawia. Na Katiba ya mwaka wa 2006 inasema kwamba Serikali inalinda urizi wa taifa.

Lakini sheria inayongoja mashine ifukue kwanza ni kama mulinzi anayefika asubuhi, mwivi akiisha kwenda. Inchi yetu ina pahali patano katika orodha ya urizi wa dunia, na pote ni misitu na mbuga za nyama. Tunashukuru kwa hayo. Lakini Burkina Faso ilionyesha mwaka wa 2019 kwamba hata matanuru ya zamani ya kuyeyushia chuma yanaweza kuandikwa katika orodha ileile. Kama tanuru la udongo lilipata heshima kule, kwa nini lisiipate huku?

Kwa hiyo tunaomba Serikali, kwa adabu yote, itume watu wenye maarifa kutembelea na kuandika pahali pa kale mbele ya kutoa ruhusa ya kuchimba, wala si nyuma yake. Tunaomba vilevile nyumba ya makumbusho humu Kolwezi, kusudi mutoto wa muchimbaji asilazimishwe kwenda mbali kuona kazi ya wankambo wake.

Na sisi wenyewe tuna deni. Wazee wanaojua majina ya vilima vya zamani wanatuacha mumoja mumoja. Vijana wa parokia wawaendee na daftari mbele ya siku za huzuni. Mwenye kuokota musalaba wa mukuba shambani asiuuze kwa mupita njia. Apashe wakubwa habari, kama sheria inavyoagiza.

 Mungu atupe akili ya kutunza miaka iliyotangulia.