Vita Viwili vya Mwalimu

Mapema Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la Kyaka. Amin alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni Mto Kagera. Kaskazini ya mto, watu waliowahi kukimbia walikimbia na nguo walizovaa. Wengi waliobaki waliuawa, na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kuvushwa mpaka.

Novemba 2, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba Amin atapigwa: sababu ipo, uwezo upo, nia ipo. Waliomsikia redioni hawajaisahau sauti ile. Uwezo na nia vilionekana vitani. Sababu ndiyo iliyobishaniwa barani kote, hasa Januari 1979, jeshi la Tanzania, JWTZ, lilipovuka mpaka na kuingia Mutukula.

Kumfukuza mvamizi ni haki isiyohitaji wakili. Kumfuata hadi kwake ni jambo jingine. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1963 ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na Nyerere mwenyewe ndiye aliyesimama Cairo mwaka 1964 kutetea mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni. Jibu lake lilikuwa kwamba vita ni viwili. Kimoja ni cha Watanzania, cha kumtoa mvamizi na kumwadhibu. Cha pili ni cha Waganda wenyewe, cha kumwondoa nduli wao.

Nakubali kwamba hoja hiyo ilikuwa safi kuliko hali yenyewe. Waganda wenye silaha walikuwa wachache mno kuifikia Kampala peke yao. Jaribio lao la 1972 kutokea Tanzania lilishindwa vibaya. Hata hivyo haikuwa hoja tupu. Ilimlazimisha Mwalimu kuuliza kila hatua ni ya vita gani, na Machi 1979 Waganda walio uhamishoni walikutana Moshi kuunda uongozi wao kabla Kampala haijaanguka.

Jambo ambalo hatulisimulii vya kutosha ni Mutukula. Askari wetu walikuwa wameziona maiti za Kagera, na walipouteka mji ule walilipiza. Raia waliuawa, na tingatinga zikabomoa nyumba mpaka mji ukawa uwanja. Habari zilipomfikia, Nyerere alishtuka, akaamuru raia na mali zao wasiguswe tena. Mwezi uliofuata, Masaka nayo ilibomolewa. Sababu ya haki haikuwazuia vijana wenye uchungu wasitende maovu, na sioni heshima yoyote ya jeshi letu inayopotea tukilisema hilo waziwazi.

Karibu na Kampala ulitolewa uamuzi wa namna nyingine. Libya ilikuwa imetuma askari kumsaidia Amin. Mwalimu aliagiza barabara ya kwenda Jinja iachwe wazi ili Walibya waondoke, wasiuawe mjini bila sababu. Njia hiyo hiyo ilitumiwa na watu wa Amin kutoroka, na makamanda walilijua hilo. Hata hivyo barabara haikuzibwa. Kampala ilitekwa Aprili 11.

Julai, kwenye mkutano wa OAU mjini Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania. Inauma kukumbuka kwamba mwaka 1975 OAU hiyo hiyo ilifanya mkutano wake Kampala na kumpa Amin uenyekiti, huku Tanzania ikisusia, na kwamba Kagera ilipovamiwa haikumlaani. Nyerere aliwahi kukiita chombo hicho chama cha wafanyakazi cha wakuu wa nchi.

Mwaka 2000, mjini Lomé, Afrika iliandika katika ibara ya 4 ya Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika kwamba Umoja una haki ya kuingilia kati panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Nyerere alikuwa amefariki Oktoba ya mwaka uliotangulia.