Maji ya Mji Wetu: Yalikotoka na Yanakoelekea

Katika taarifa ya mwaka huu tumeona yafaa kuandika habari za maji, kwa kuwa hapana jambo lililoletwa mbele ya kamati mara nyingi kuliko hilo.

Jina Nairobi latokana na maneno ya Wamasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, watu walichota mtoni; lakini mto mdogo hauwezi kuunywesha mji na papo hapo kupokea taka zake. Mwaka 1906 chemchemi za Kikuyu, upande wa magharibi, zikatengenezwa. Tangu hapo kila kizazi kimekwenda mbali zaidi kuliko kilichotangulia: mto Ruiru katika miaka ya 1930, bwawa la Sasumua, huko Kinangop, mwaka 1956, mto Chania baadaye, kisha bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, liwezalo kuweka mita za ujazo milioni 70.

Sasa lipo jambo la kushangaza. Maji ya Kikuyu na ya Sasumua huuingia mji kwa upande huu wetu wa magharibi, na matangi yake yako Kabete; hata hivyo kina mama wa Kangemi na Kawangware huamka usiku wa manane kusikiliza kama mfereji umeanza kulia. Sababu yake ni ya zamani. Hadi mpaka ulipopanuliwa wakati wa Uhuru, Dagoretti ilikuwa nje ya mji, na mabomba yalipimwa kwa ajili ya Kilimani na Kileleshwa, nyumba moja katikati ya bustani yake. Watu waliongezeka, mabomba hayakuongezeka kwa kadiri hiyo.

Sisi wenyewe, katika ploti tunamokaa, mwaka jana tulikaa majuma matatu bila tone. Tukanunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, wala hatukujua yalikochotwa. Mwenye kipato kidogo ndiye anunuaye maji kwa bei ya juu. Wenye uwezo huchimba visima virefu, lakini maji ya chini ya ardhi yanazidi kushuka, na visima vingi vina floraidi iharibuyo meno ya watoto.

Mwaka 2004 kazi hii ilishikwa na Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Mwaka 2023 lilifunguliwa handaki la karibu kilomita 12 lichukualo maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati. Miongoni mwetu wamo waliozaliwa Murang'a, na hofu yao kwamba mito ya nyumbani itapungua si ya kudharauliwa. Hasa tukikumbuka kwamba zaidi ya thuluthi ya maji yaingiayo mjini hupotea au hayalipiwi.

Kamati imeazimia kupeleka barua mbili mwaka ujao: ya kwanza kuomba mabomba makubwa zaidi toka Kabete hadi Kawangware, ya pili kuuliza ni lini yanayovuja yatazibwa. Wanachama wenye stakabadhi za maji wazilete kwa mwandishi kabla ya mkutano mkuu.