Kabla ya "x" Kulikuwa na "Kitu"



Sisi tunaosaidia watoto hesabu jioni tunakutana na shida moja kila muhula. Mtoto anajumlisha vizuri, anagawanya vizuri, akitumwa sokoni anarudisha chenji kamili. Lakini siku akifika kwenye aljebra, anakwama. Mwaka jana msichana mmoja wa darasa la 7 alituuliza: "Mwalimu, hizi herufi zimekuja kutafuta nini kwenye hesabu?" Hatukuwa na jibu, tukamwambia akariri tu. Wiki iliyofuata hakuja, na wenzake wawili pia hawakuja. Hao walianza shule kwa Kifaransa kule Kongo, hapa Uganda wanasoma kwa Kiingereza, halafu sisi tukawaongezea lugha nyingine bila kuwaeleza.

Basi tukaanza kutafuta historia yake. Tulichokuta kilitushangaza: herufi ndizo zilikuja mwisho kabisa.

Tuanzie Afrika. Huko Misri, karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, karani aitwaye Ahmes alinakili maswali ya hesabu kwenye mafunjo. Swali moja linauliza hivi: kuna kiasi fulani, ukikiongezea sehemu yake moja ya 7, unapata 19. Ni kiasi gani? Ahmes hana x. Anaanza kwa kujaribu 7, juu 7 inagawanyika kirahisi. 7 na sehemu yake moja ya 7 ni 8. Lakini sisi tunataka 19, si 8. Kwa hiyo anatafuta 8 izidishwe mara ngapi ifike 19, kisha anaizidisha ile 7 mara hizo hizo. Jibu ni 16 na nusu na moja ya 8. Jaribuni wenyewe, mtaona inakubali.

Baadaye sana, karibu mwaka 820, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu huko Baghdad. Neno aljebra limetoka kwenye jina la kitabu hicho: al-jabr, maana yake kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama mfupa. Kilichopunguzwa upande mmoja kinarudishwa kwa kuongezwa pande zote mbili. Neno la pili la jina hilo ni muqabala, nalo ni ndugu wa "mkabala" wetu: pande mbili zinatazamana, vinavyofanana vinafutana.

Al-Khwarizmi alisema anawasaidia watu wanaogawa urithi, wanaofanya biashara na wanaopima mashamba. Na kitabu chote ni maneno matupu, hakuna alama. Kile kisichojulikana alikiita mzizi, au shay, yaani "kitu". Basi!

Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kwa Kilatini, huko Segovia, Hispania. Alama ya sawasawa (=) ilitungwa na Robert Recorde mwaka 1557. Alichora mistari miwili iliyo sambamba, akisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Mwaka 1591 François Viète wa Ufaransa akaweka irabu kwa visivyojulikana na konsonanti kwa vinavyojulikana. Ile x tuliyoizoea ililetwa na René Descartes mwaka 1637.

Hesabuni wenyewe: toka Ahmes hadi Descartes ni zaidi ya miaka 3,000. Sisi tulitaka mtoto aivuke kwa dakika 40.

Sasa tumebadili. Tunaanza na maneno: "Mama amelipia bidoni 3 za maji, na shilingi 500 za kubebewa. Jumla ametoa 2,000. Bidoni moja ni ngapi?" Watoto wanajibu 500 hata kabla hatujachukua chaki. Ndipo tunaandika 3x + 500. Hapo bado hatujasema imefika ngapi. Tukiongeza = 2,000, imekuwa mlinganyo, na x tunaweza kuitafuta. Na kama mama atanunua bidoni 5 kesho, au 8, tunaandika kanuni ya siku zote: gharama = 500 × idadi ya bidoni + 500. Hiyo ndiyo fomula.

Yule msichana tulimfuata kwao, tukamwambia kosa lilikuwa letu. Alirudi. Wenzake wawili bado. Siku ya kwanza aliandika k badala ya x, akasema ni k ya kitu. Hatukumsahihisha. Hata Viète hakutumia x.

Ninyi mnaofundisha wadogo zenu huko mliko, mnaanzia wapi? Tuandikieni hapa chini.