Nyumba ya biskuti ya tangawizi: namna inavyojengwa ili isianguke

Wakati wa Noeli, katika inchi nyingi za Ulaya na huko Marekani, familia zinajenga nyumba ndogo ya kuliwa. Kuta na paa ni biskuti ya tangawizi, simenti yake ni sukari. Kwa macho ni mchezo wa watoto. Lakini wengi wanaojaribu mara ya kwanza wanaona paa likiteleza na kuta zikifunguka, watoto wakiangalia. Hii nyumba iko na sheria zake za ujenzi.

Ilitoka wapi?

Ujerumani wanapika biskuti za asali na viungo tangu karne nyingi, na mji wa Nürnberg ndio unajulikana zaidi kwa kazi hiyo. Mwaka wa 1812, ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha hadithi ya Hänsel na Gretel: watoto walioachwa porini kwa sababu ya njaa, wakakuta nyumba ya kuliwa. Katika kitabu, nyumba hiyo ni ya mkate, paa ni keki na madirisha ni sukari. Zinazojengwa leo ni za biskuti ya tangawizi, kwani ikikauka inabeba uzito. Mkate laini hauwezi.

Ukuta mgumu unaanzia kwenye unga

Biskuti ya kula na biskuti ya kujenga si moja. Ya kula iko na siagi nyingi na kitu cha kuivimbisha. Ya kujenga inapunguziwa vyote viwili, sababu ikivimba, ukuta unapinda na vipimo vinapotea. Vingine ni unga wa ngano, sukari, asali, tangawizi, mdalasini na karafuu.

Unga uliokandwa unasukumwa mpaka unene wa karibu milimita 6, sawa kila upande. Vipande vinakatwa kwa kufuata mfano wa karatasi ngumu. Mfano wenyewe unasimamishwa kwanza: kama karatasi haikutani kwenye pembe, biskuti pia haitakutana.

Vipande vinaiva ndani ya furu yenye joto la digri karibu 175. Vikitoka, vingali moto, kingo zinanyooshwa kwa kisu. Vikisha kupoa vinavunjika. Halafu vinaachwa usiku mzima vikauke. Hapo ndipo haraka inaharibu kazi. Mwenye kufanya matofali anaelewa: tofali bichi halipandishwi ukutani.

Simenti ya sukari

Ute wa yai unapigwa pamoja na sukari iliyosagwa laini kama unga, mpaka mchanganyiko usimame wenyewe juu ya kijiko. Ukiwa majimaji, haushiki. Bakuli linafunikwa kwa kitambaa chenye maji, sababu simenti hii inakauka upesi. Kama nyumba italiwa, ni vizuri kutumia ute uliotayarishwa kiwandani kwa joto, kwa kuwa yai bichi linaweza kuleta ugonjwa.

Kuta leo, paa kesho

Mapambo ya ukuta yanawekwa vipande vingali vimelala. Kisha kuta nne zinasimamishwa juu ya ubao, zikiegemezwa kwa mikebe ndani na inje, masaa kadhaa. Paa linakuja mwisho, na chini ya kingo zake inawekwa mikebe mpaka simenti ishike.

Adui mkubwa ni unyevu. Sukari na asali zinavuta maji ya hewani, biskuti inalegea, na nyumba iliyosimama vizuri jana inainama. Kwa hiyo inawekwa mahali pakavu, mbali na sufuria zinazochemka.

Mji uliojengwa mara mbili

Huko Bergen, inchini Norwe, tangu mwaka wa 1991 shule, familia na makampuni wanaleta nyumba zao na kuunda mji mzima wa biskuti. Mwaka wa 2009, mbele ya siku ya kuufungua, mtu aliingia akauvunja. Wakaaji walirudi jikoni, wakapika upya, na mji ukasimama tena.