Shabaha kwa Sheria: Upinde wa Mtambo na Maandalizi ya Uwindaji wa Ayala, kutoka Uingereza ya Henry VIII hadi Wisconsin

Utangulizi

Mwaka 1541, kwa hesabu ya kalenda ya wakati ule, Bunge la Uingereza chini ya Mfalme Henry VIII lilipitisha sheria mbili ambazo ukizisoma kwa haraka utadhani zinapingana. Ya kwanza ilimkataza mtu asiye na ardhi ya kumwingizia pauni 100 kwa mwaka kutumia au kuweka nyumbani upinde wa mtambo au bunduki ya mkono. Ya pili iliwaamuru wanaume wenye afya, walio chini ya umri wa miaka 60, wawe na upinde mrefu wa mkono na waufanyie mazoezi. Chombo kimoja cha kurusha mshale kilifanywa haki ya matajiri. Kingine kilifanywa wajibu wa kila mwanamume.

Makala haya yanachunguza sababu ya tofauti hiyo na namna ilivyoendelea kujitokeza katika uwindaji wa ayala hadi karne ya 21. Hoja inayotetewa ni kwamba upinde wa mtambo huipata shabaha kwa gharama ndogo ya mwili lakini kwa gharama kubwa ya maandalizi, na kwamba watunga sheria wamebishana kwa karne nyingi kuhusu hilo la kwanza huku wakilipa kisogo la pili.

Istilahi mbili zinahitaji kuelezwa. Upinde wa mtambo ni upinde uliolazwa kukingama juu ya kitako cha mti kama kile cha bunduki. Upote wake ukishavutwa hushikwa na kikulabu mpaka mpigaji abonyeze mtambo. Ayala ni jina linalofahamika kwa wasomaji wa Biblia ya Kiswahili, na hapa linatumika badala ya kulungu kwa sababu kulungu wa Afrika Mashariki ni jamii ya paa mwenye pembe za kudumu, ilhali ayala wa Ulaya na Marekani hudondosha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine. Tafsiri nyingi huwachanganya, na katika sheria za wanyamapori mchanganyiko wa namna hiyo si jambo dogo.

Mwili na mtambo

Mpiga upinde mrefu hakupatikana kwa siku moja. Meli ya kivita Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, ilipoopolewa ilikutwa na pinde zaidi ya 130, nyingi zikikadiriwa kuhitaji nguvu ya kati ya ratili 100 na 185 kuzivuta. Baadhi ya mifupa ya mabega ya mabaharia wake inaonyesha dalili ambazo wataalamu wanazihusisha na kuvuta pinde za aina hiyo tangu ujana. Shabaha ya mtu kama huyo ilikuwa imejengwa mwilini mwake, na taifa lililotaka wapiga mishale vitani lilipaswa kuwalea miaka mingi kabla. Ndiyo maana sheria ya pili ya 1541 iliamuru mazoezi na kupiga marufuku michezo iliyoonekana kuwapotezea vijana muda.

Upinde wa mtambo ulivunja uhusiano huo. Nguvu ya kuuvuta ilitoka kwenye kulabu la mkanda, roda za kamba au gurudumu la meno. Mwingereza Ralph Payne-Gallwey, aliyechapisha kitabu chake kuhusu silaha hii mwaka 1903, aliujaribu upinde wa chuma wa karne ya 15 uliohitaji ratili 1,200, na mshale wake ukavuka mlangobahari wa Menai huko Wales, umbali wa takriban mita 400. Idadi hiyo ya ratili isimdanganye msomaji: upote wa upinde wa chuma husafiri masafa mafupi sana kabla ya kuuachia mshale, hivyo sehemu kubwa ya nguvu haimfikii mlengwa. Faida ya kweli ilikuwa kwingine. Upinde ukishavutwa hujishikilia wenyewe. Mwindaji anaweza kusubiri nusu saa akiwa ameutega begani, naye ayala anapotokeza hakuna mkono unaovutwa nyuma wala kiwiko kinachoinuka cha kumshtua. Mtu asiyewahi kuvuta upinde mrefu angeweza kufundishwa kupiga shabaha kwa muda mfupi, na hapo ndipo dola ilipoingiwa na wasiwasi.

Wasiwasi huo ulikuwa wa zamani. Mtaguso wa Pili wa Laterano, mwaka 1139, ulikataza wapiga pinde za mtambo na wapiga mishale kutumiwa dhidi ya Wakristo. Hati ya Magna Carta ya 1215 iliwataja wapiga pinde hizo wa kigeni miongoni mwa askari ambao mfalme alitakiwa kuwaondoa nchini. Katika misitu ya kifalme suala lilikuwa nyama: Hati ya Misitu ya 1217 iliondoa adhabu ya kifo na ya kukatwa viungo kwa mtu aliyekamatwa na nyama ya ayala, ikaweka badala yake faini au kifungo. Silaha isiyotoa mlio na isiyohitaji misuli ilikuwa rafiki mkubwa wa mwizi wa msituni. Sheria ya pauni 100 haieleweki vizuri bila kumkumbuka mtu huyo.

Kazi isiyoonekana katika uwindaji wa wakubwa

Hata hivyo, wakubwa wenyewe hawakutegemea shabaha tu. Gaston Phébus, Mtawala wa Foix kusini mwa Ufaransa, alianza mwaka 1387 kuandika kitabu cha uwindaji ambacho kinaeleza jinsi ya kumnyatia ayala kwa upinde wa mkono na wa mtambo, kuvaa mavazi yanayofanana na majani, na kumtumia mbwa aliyefunzwa kufuata damu. Yeye mwenyewe aliuthamini zaidi uwindaji wa kumkimbiza mnyama kwa mbwa. Lakini aliposhughulikia mshale alitoa nafasi kubwa kwa mambo yanayotangulia kuupiga na yanayofuata baada ya kupigwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika michoro ya Lucas Cranach Mkubwa, mchoraji wa watawala wa Saksonia. Mchoro wake wa 1529, uliohifadhiwa Vienna, unamwonyesha Kaisari Maximilian I pamoja na Mteule Frederick Mwenye Hekima wakiwa na pinde za mtambo, huku kundi la ayala likiswagwa na mbwa hadi majini. Katika michoro ya miaka ya 1540 wanawake wa makasri nao wanalenga kwa pinde hizo hizo. Hilo si pambo: ni ushahidi kwamba mtambo uliifanya shabaha isitegemee tena nguvu za mkono.

Ukiiangalia michoro hiyo kwa jicho la mtafiti wa kazi, utaona kwamba karibu kila kitu kinachomfanya mtawala asikose kimefanywa na watu wengine. Waswagaji wameufunga msitu. Mbwa wamewachosha wanyama. Maji yamewapunguzia mwendo na kuwaleta karibu na kichaka alikojificha mpigaji. Lililobaki kwa mtawala ni kubonyeza. Kuuita ustadi huo wa mtu mmoja ni kukosea hesabu, ingawa wasifu wa watawala hauchoki kufanya hivyo.

Mfano kutoka bonde la Kongo

Upinde wa mtambo haukubaki Ulaya. Msafiri Paul du Chaillu, aliyeandika mwaka 1861 kuhusu safari zake Gabon, alieleza pinde za mtambo za Wafang, zenye vishale vyepesi mno vilivyotiwa sumu ya mimea. Henry Balfour wa Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, aliuchunguza muundo wake mwaka 1909: kitako kilichopasuliwa kwa urefu, na kijiti kinachousukuma upote utoke katika ufa wake. Alihitimisha kwamba asili yake ilikuwa pinde za Wazungu zilizofika pwani kwa njia ya bahari.

Iwe asili yake ni hiyo au la, Wafang waliijibu changamoto ya shabaha kwa njia yao. Kishale kilikuwa chepesi kiasi cha kuhitaji utomvu wa kukishikiza katika mfereji kisipeperushwe na upepo. Hakikuweza kuua kwa jeraha. Kwa hiyo mwindaji alisogea karibu, na sumu ikafanya kazi ambayo huko Saksonia ilifanywa na waswagaji. Maandalizi yake yalianza kwa mtu aliyejua mmea gani uchumwe na uchemshwe vipi.

Ujuzi wa namna hii haukuonekana na watunga sheria wa kikoloni. Mkataba wa London wa 1900 kuhusu wanyama wa Afrika, ambao haukupata kuanza kutumika rasmi, ulilenga kuzuia nyavu na mashimo ya kutegea. Kigezo kilikuwa chombo, kama ilivyokuwa mwaka 1541, na mwelekeo huo ulirithiwa na sheria nyingi za makoloni zilizofuata.

Hesabu ya mshale wa leo

Upinde wa mtambo wa kisasa una darubini na mabawa ya nyuzi za kaboni au za kioo, na mshale wake huweza kwenda kasi ya mita 105 kwa sekunde. Wengi hudhani kwamba kasi hiyo imemaliza tatizo. Hesabu rahisi, bila kuingiza ukinzani wa hewa, inaonyesha vingine. Katika mita 20 mshale huo hushuka takriban sentimita 18 kutoka mstari ulioelekezwa. Katika mita 40 hushuka sentimita 71. Mwindaji aliyerekebisha darubini yake kwa mita 40, kisha akampiga mnyama aliye mita 50 akidhani ni 40, atapiga sentimita 22 chini ya alipolenga. Eneo la moyo na mapafu ya ayala mwenye mkia mweupe lina kipenyo cha takriban sentimita 20 hadi 25. Kosa la kukisia hatua kumi linatosha kumvunja mnyama mguu badala ya kumuua.

Kuna na sauti. Katika mita 40 mlio wa upote humfikia ayala kwa sekunde 0.12, na mshale kwa sekunde 0.38. Katika robo sekunde iliyobaki, ayala aliyeshtuka hujikunja kuruka, na kifua chake huwa kimeshuka mshale unapofika. Hakuna darubini inayotibu hilo. Dawa yake ni kusogea karibu au kutopiga.

Ndiyo maana wawindaji makini hutumia wiki kadhaa kabla ya msimu. Upote uliovutwa zaidi upande mmoja huupeleka mshale kando, hivyo hutumia kamba yenye vishikio viwili ili uvutwe sawasawa kila mara. Upote hupakwa nta. Mishale hupimwa uzito, na chembe pana za kuwindia hujaribiwa zenyewe, kwa kuwa haziruki sawa na zile za mazoezi. Umbali wa miti iliyo karibu na ulingo hupimwa mapema ili siku ya siku kusiwe na kukisia. Mazoezi hufanywa kutoka juu ya ulingo, si uwanjani tu. Baada ya kupiga, mwindaji hungoja kabla ya kufuata damu, maana ayala aliyejeruhiwa akifukuzwa mara moja hukimbia mbali na huweza kupotea.

Majimbo na leseni

Nchini Marekani mjadala wa 1541 ulirudi kwa sura nyingine. Wapiga pinde za mkono walikuwa wamepewa misimu yao mirefu kwa hoja kwamba chombo chao ni kigumu na huua wanyama wachache. Upinde wa mtambo ulionekana kuwa unaingia kwa mlango wa nyuma. Jimbo la Ohio liliuruhusu kwa ayala mwaka 1976. Wisconsin kwa muda mrefu iliuacha kwa walemavu na wazee wa miaka 65 na zaidi, mpaka msimu wa 2014 ulipofunguliwa kwa wote kwa leseni yake yenyewe. Oregon imeendelea kuukataza katika uwindaji, hata kwa mlemavu. Huko Uingereza, kizazi cha sheria za Henry kilifungwa moja kwa moja: sheria ya wanyamapori ya 1981 ilikataza upinde wa kila aina dhidi ya wanyama wa mwituni. Ujerumani nayo inakataza kumpiga ayala kwa mshale, ikisahau kwa hiari makasri ya Saksonia.

Kwa mlemavu au mzee wa Wisconsin jambo hili halikuwa la nadharia. Bega lililochoka lilimaanisha mwisho wa kwenda msituni na wanawe. Kumfungulia mlango kulikuwa haki, na ni vigumu kuiona sababu ya maana ya kumfungia mlango huo Oregon. Lakini pande zote mbili za mjadala zilibishana kuhusu wepesi wa kubonyeza mtambo, kana kwamba mnyama anayekufa vibaya hufa kwa sababu ya mtambo. Hesabu iliyotolewa juu inaonyesha kwamba hufa vibaya kwa sababu ya mita kumi ambazo hazikupimwa. Denmark, ambayo imeruhusu upinde wa mkono tangu mwishoni mwa karne ya 20, humtaka mwombaji athibitishe shabaha yake kwa mtihani wa kupiga kabla ya kuwinda. Huko mwombaji huulizwa anachoweza kufanya kwa mshale, katika umbali ambao hakuambiwa.