Ubongo: mtandao unaobadilika kila mara

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1,4, na seli zake za neva zinakadiriwa kuwa bilioni 86. Mwaka 1861, munganga Mfaransa Paul Broca alionyesha kama mtu akiumia upande wa kushoto wa mbele wa ubongo anaweza kupoteza usemi. Tangu hapo wengi wakawaza kama kila kazi ina sehemu yake moja tu. Siku hizi inajulikana kwamba sehemu hizo zinafanya kazi kwa kusikilizana.

Tuseme barabara za mji. Barabara ni zilezile, lakini asubuhi watu wanajaa kwenye ile ya soko, jioni kwenye ile ya kurudi nyumbani. Ndivyo ilivyo mu kichwa: nyuzi za neva hazihami, ila mazungumzo yanayopita ndani yake yanabadilika kila dakika.

Namna ya kupima

Mtu analala ndani ya mashine ya sumaku inayofuata damu yenye oksijeni. Wataalamu wanagawa ubongo katika sehemu nyingi, kisha wanaangalia ni zipi zinapanda na kushuka pamoja. Hawapimi mara moja tu: wanakata muda vipande vipande, halafu wanalinganisha. Hapo wanaona sehemu gani imeacha kundi lake na kuingia kundi lingine.

Mwaka 2011, Dani Bassett na wenzake huko Marekani walifuata sehemu 112 za ubongo wa watu waliokuwa wanajifunza mazoezi ya vidole. Wale ambao sehemu za ubongo wao zilibadilisha makundi mara nyingi walijifunza zaidi katika kipindi kilichofuata. Ni kusema, ubongo mwepesi kujipanga upya unashika somo vizuri.

Faida na mipaka

Njia hiyo inasaidia kuelewa kifafa. Mtu akianguka, makundi mengi ya seli yanawaka pamoja kupita kiasi, na moto huo unapita kwenye mtandao. Kwa mgonjwa ambaye dawa zimeshindwa, wanganga wanatafuta pale unapoanzia kabla ya kupasua.

Lakini tahadhari: mashine inapima damu, haipimi mawazo. Sehemu mbili kupanda pamoja si alama kwamba moja inaamuru nyingine. Tena kipande cha muda kikiwa kifupi sana, au mgonjwa akitikisa kichwa, mabadiliko ya uongo yanaweza kuonekana.

Kwa familia yenye mgonjwa, jambo moja ni hakika: kifafa ni hitilafu ya mawasiliano mu ubongo. Si uchawi, wala hakiambukizi. Kufuatana na OMS, wagonjwa wapatao 70 kwa 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yanayofaa. Safari inaanzia kituo cha afya, si kwa mpiga ramli.